Sikio Likishakatwa

Baba yangu alikuwa na msemo mmoja ambao aliutumia hadi ukachakaa: sikio likishakatwa halirudi. Aliusema kila Aprili tukiwa zizini, yeye ameshika kisu chake kidogo, mimi nimemkumbatia mwana-kondoo kifuani. Tazama mara mbili ndipo ukate. Tazama ni wa mama gani. Sisi akina Allonby tunakata ncha ya sikio la kushoto. Wilf Dargue, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, anapasua la kulia katikati. Alama hizo zimo katika kitabu cha alama cha bonde tangu enzi za babu wa babu zetu, na katika bonde la Harras mtu hujulikana kwa masikio ya kondoo wake kabla hajajulikana kwa sura.

Nayasema haya mapema ili asije mtu akanitetea kwamba sikujua. Nilijua.

Siku yenyewe ilikuwa ya Novemba, mwaka 1958, nami nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ilikuwa Siku ya Wafugaji, ile ya kurudishiana kondoo waliopotelea kwa wenzao mlimani. Wenye kondoo wote wa bonde walikuwa wamejaa uani nyuma ya baa ya Bi Edna Relph, sufu imelowa, mbwa wananguruma chini ya madawati, na ndani chungu kikubwa cha nyama na viazi kilikuwa kinatokota. Bi Edna ndiye aliyekitunza kitabu cha alama. Kilikuwa cha mumewe, na mumewe alipokufa hakutokea mwanamume mwenye ubavu wa kwenda kumdai.

Baada ya kurudishiana, watu hushindanisha kondoo. Asubuhi hiyo nilikuwa nimembembeleza Baba amwache nyumbani yule jike wetu wa miaka minne.

"Mpeleke yule mwenye pembe pana, Baba. Huyu miguu yake ya nyuma sio."

"Miguu sio!" Baba alicheka. "Tangu lini? Wewe umemlea huyu mpaka tukadhani utamlaza kitandani. Leo unamwonea wivu?"

Ningesema nini? Kwamba huyo kondoo ana duara jeupe kuzunguka jicho la kulia, kamili kana kwamba limechorwa kwa chokaa, na kwamba katika bonde zima ni ukoo mmoja tu wa kondoo wenye jicho hilo, nao si wetu? Baba alisoma masikio, hakusoma macho; na akiwa mlimani, mbali, jirani hawezi kuliona. Ndani ya kizuizi cha mashindano, hatua mbili mbele ya pua ya mtu, utaliona upende usipende.

Dargue alifika kizuizini na bilauri ya bia mkononi. Alikuwa mrefu, mkimya, mjane wa miaka mitatu, na koti lake lilikuwa na vifungo viwili tu kwa kuwa hakukuwa na wa kumshonea. Akamtazama kondoo. Akaiweka bilauri juu ya ukuta, taratibu, akaruka ndani, akamshika kidevu na kumgeuza kwenye mwanga.

"Jos," alimwita Baba. "Huyu umempata wapi?"

"Nimempata pale kondoo wanapopatikana. Kwa mama yake."

"Mama yake ni wangu."

Watu wa karibu wakageuka. Baba akatabasamu kama mtu aliyetaniwa vibaya lakini anayetaka kuupokea utani.

"Wilf, bia ya Edna imekuwa kali mwaka huu. Tazama sikio."

"Sikio nimeliona. Sikio hukatwa na mtu. Jicho hili hakulikata mtu. Bibi yake kondoo huyu alilelewa jikoni kwa chupa na marehemu mke wangu, Annie, na kila jike wa ukoo huo ana jicho hili. Una mwingine kama huyu, Jos? Mmoja tu? Mama yake? Dada yake?"

Baba hakuwa naye. Uso wake ulianza kuwaka kuanzia shingoni. Baba alikuwa mtu wa haki, tena haki ya kumchosha mtu. Aliwahi kutembea maili sita kwenye mvua kurudisha kondoo mmoja kilema. Kumwita mwizi mbele ya bonde zima ilikuwa sawa na kumvua nguo.

"Sema neno lenyewe," alisema. "Usizunguke. Sema mimi ni mwizi."

"Sitaki maneno. Nataka kondoo wangu, niende nyumbani."

"Umeshanitia doa, sasa unataka kwenda nyumbani! Edna! Lete kitabu!"

Kudai kitabu si mchezo. Kitabu kikishadaiwa, mmoja kati ya wawili lazima ashindwe, na anayeshindwa jina lake hufutwa, alama yake hufa, na kondoo wake wote hushushwa mlimani kabla ya Jumapili. Mtu asiye na mlima katika bonde letu hana ufugaji. Ana nyumba ya mawe na ukuta wa kuegemea.

Bi Edna alitoka na kitabu kimefungwa kwa kitambaa cha meza. "Jos, hebu kunywa kitu kwanza," alisema. "Kondoo mmoja huyu. Mlipe mwana-kondoo wa mwakani, yaishe."

"Yaishe vipi? Nife watu wakisema Allonby alikuwa mwizi? Weka kitabu mezani. Na atakayeshindwa afutwe leo hii, nisisikie cha huruma wala cha ujirani. Akiwa mimi, nifuteni mimi!"

Mdomo huponza kichwa, ndivyo wasemavyo, lakini siku ile mdomo wa Baba uliponzwa na mkono wangu.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano mkono huo ulipokosea. Farasi alikuwa amemvunja Baba mguu, na majike walikuwa wanazaa chini ya mlima, theluji nyepesi ikinyesha iliyochanganyika na mvua. Nilikuwa nimelia siku mbili ili nipewe kisu, kwa kuwa hakuna msichana aliyewahi kukishika bondeni, na wavulana wa kule walikuwa wameshaanza kunicheka kabla sijakata hata sikio moja. Asubuhi ile nikamkuta mwana-kondoo chini ya tumbo la jike wetu, ananyonya. Nikamkamata, nikakata. Kumbe alikuwa anaiba maziwa tu. Wa jike wetu mwenyewe alikuwa amezaliwa mfu, amelala nyuma ya jiwe. Sikuangalia mara mbili. Damu ilikuwa bado inachuruzika nilipoona jike mwenye duara jeupe jichoni anavuka kijito, analia, na yule mdogo anamkimbilia.

Dawa yake ilikuwa rahisi. Unakwenda kwa jirani siku hiyohiyo, unamwambia, anaweka alama yake kwenye sikio la pili, Bi Edna anaandika, na bonde zima linakucheka mwaka mmoja. Ni hicho tu. Kicheko cha mwaka mmoja.

Mimi nikamchuna yule mfu. Nikamvika mwana-kondoo wa Dargue ngozi yake kama koti, ili jike wetu amnuse akubali, na akakubali. Nikamtuma mbwa amfukuze mama halisi hadi ng'ambo ya kijito. Alisimama nyuma ya ukuta wao akalia siku tatu.

Siku ya pili Annie, mke wa Dargue, alipita akiwa amevaa koti la mumewe, anapekua mitaro na kuchungulia chini ya kangaga zilizokauka. Aliniona akapunga mkono.

"Hilda, mwanangu, hujakiona kikondoo changu? Kilikuwa na jicho zuri hicho!"

"Labda mbweha," nilisema.

Naam. Mimi ndiye niliyemleta huyo mbweha.

Sasa huko uani watu walikuwa wamegawanyika, wengine wanapiga kelele kwamba jicho si ushahidi, wengine kwamba sikio si ushahidi. Bi Edna akagonga meza kwa kijiko kikubwa.

"Basi mlima uamue," alisema.

Kwetu milimani hakuna ua wa kutenga makundi. Kila kundi lina upande wake wa mlima, na kondoo haondoki upande huo maisha yake yote, maana alifundishwa na mama yake akiwa mdogo wa kutembea nyuma yake. Ukimchukua, ukamwachia langoni, atarudi kwenye upande wa mama yake. Mtu anaweza kudanganya, kisu kinaweza kudanganya, lakini kondoo hajui kudanganya. Wazee waliapa kwamba jambo hilo lilikuwa limeamua kesi tatu bondeni, na halijakosea hata mara moja.

"Nakubali," alisema Dargue haraka. Aliliamini jicho lile kama anavyouamini mkono wake.

"Nakubali," alisema Baba, kwa sababu na yeye aliamini.

Mimi peke yangu nilijua kwamba mlima ulikuwa umedanganywa tangu miaka minne iliyopita. Mama aliyemfundisha kondoo yule njia alikuwa jike wetu.

Tulipanda watu kama sitini, mbwa wamefungwa kamba. Njia ya kwenda lango la mlima ni ya mawe, kuta pande zote mbili, na ukungu ulikuwa unashuka kutukuta. Baba alitembea mbele akimwongoza kondoo kwa kamba, kifua mbele. Nilimkaribia.

"Baba, rudi. Mpe tu."

"Nini?"

"Mpe kondoo wake. Tuna wengine."

Alisimama, akanitazama kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona akinitolea. "Yaani na wewe unaniona mwizi?"

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Nilisema, "Hapana, Baba," na hilo lilikuwa kweli, na ukweli huo mdogo nikajificha nyuma yake mpaka langoni.

Ng'ambo ya lango kuna uwanja wa majani mafupi, kisha njia mbili. Kushoto unavuka kijito na kupanda chini ya majabali, upande wa Dargue. Kulia unapita penye mboji nyeusi na madimbwi, upande wetu. Bi Edna akaagiza watu wote wakae nyuma ya ukuta, mtu asikohoe. Baba akafungua kamba. Lango likafungwa.

Kondoo akasimama. Akajitikisa maji. Akang'ata majani mawili matatu kama vile hakuna aliyekuwa anangoja. Kisha akaanza kutembea, akashika kushoto.

Nilisikia pumzi ya Baba ikikatika. Alikuwa ameushika ukuta kwa mikono miwili. Kondoo akafika kijitoni. Akikivuka, Baba amekwisha, na mwizi ni yeye aliyekuwa kitandani na mguu uliovunjika. Asipokivuka, Dargue amekwisha, naye alikuwa anadai haki yake. Nilitaka kuomba na sikujua niombe lipi. Nilikuwa mahali ambapo kila dua ilikuwa laana kwa mtu.

Akainama, akanywa. Akanywa sana. Akainua kichwa, maji yakimdondoka kidevuni, akatazama majabali. Akalia mara moja. Upande ule hakuna kilichomjibu.

Kisha akageuka. Hakusita tena. Alirudi uwanjani, akapita mbele ya lango letu bila kututazama, akashika njia ya kulia kwa mwendo wa mtu anayekwenda nyumbani kwake, akaanza kuruka madimbwi moja baada ya jingine kwa kuyajua, mpaka ukungu ukamfunika.

"Ha!" Baba alisema. Ilikuwa sauti ndogo tu, kama ya mtoto. Watu wakaanza kumpiga mgongoni. Mtu mmoja akasema kwa sauti kwamba Dargue amechanganyikiwa tangu afiwe, mwingine akasema mjane akikaa peke yake sana huanza kuongea na paka.

Dargue alivua kofia. Hakubisha hata neno. Hilo ndilo lililonivunja: angebisha, angetukana, pengine ningenyamaza mpaka kaburini. Alimwendea Bi Edna akasema, "Kumbe nimemsingizia mtu. Fanya kazi yako, Edna." Na Bi Edna akakifungua kitabu juu ya ukuta, akalowesha ncha ya penseli kwa ulimi.

"Usiandike," nilisema.

Hakusikia. Nikapaza sauti mpaka mbwa wakabweka.

"Usiandike! Ni wake. Ni kondoo wake. Nilimkata mimi."

Niliwaeleza yote, pale ukutani, huku nikitazama viatu vyao: kisu, mfu nyuma ya jiwe, ngozi, mbwa, siku tatu za kilio. Nilipofika kwa Annie, nikalisema na hilo. Kwamba aliniuliza, na kwamba nilimjibu mbweha.

Hakuna aliyenipiga. Ningefurahi kupigwa.

Dargue alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili. "Mbweha," alisema. "Alikuja nyumbani akaniambia ni mbweha. Nikamwambia, wewe ulikuwa zamu, ulisinzia. Nikamwambia ni uzembe wake. Nilimwambia hivyo majira yote ya joto, Hilda. Kila nikimwona yule jike anatembea bila mtoto, nilimkumbusha. Na baridi ya mwaka uliofuata akafa. Sikumwomba radhi, kwa sababu nilidhani niko sawa."

Kisha akamgeukia Baba. Na hapa ndipo pananiuma hadi leo, kwa kuwa Dargue alikuwa mtu bora kuliko sisi sote tuliosimama pale. "Jos," alisema, "alikuwa mtoto. Funga kitabu. Nipe kondoo tu."

Bi Edna akakifunga kwa haraka, karibu ajibane vidole. "Umesikia, Jos. Mwenye mali amesamehe. Twende tukale."

Baba hakuwa amenitazama hata mara moja. Alinyosha mkono.

"Lete."

"Jos, acha ukaidi..."

"Nilisema nini kule chini? Nilisema cha huruma nisisikie. Mlifikiri nilikuwa naongea kuhusu Wilf peke yake?" Akakichukua kitabu, akafungua ukurasa wetu, ule wenye kichwa cha kondoo kilichochorwa na babu yake, sikio la kushoto limekatwa ncha. Akachukua penseli kutoka vidoleni mwa Bi Edna. Alichora mstari juu ya jina lake mwenyewe, mmoja tu, umenyooka, kisha akatoa kile kisu kidogo mfukoni akakiweka juu ya ukurasa, akafunga, akamrudishia.

Tuliwashusha kondoo wetu kabla ya Jumapili, mia na themanini. Dargue alikuja kutusaidia bila kuitwa, na Baba alimwacha asaidie. Jike mwenye duara jichoni alikwenda ng'ambo ya kijito. Wengine waliuzwa kwa watu wa mabonde ya mbali, na upande wetu wa mlima ukabaki na ukungu wake. Baba aliishi nami chini ya paa moja, tukala meza moja, na hakunisemesha neno. Si Desemba, si Krismasi. Aliposukuma kisahani cha chumvi kuelekea kwangu, hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya siku.

Mwisho wa Januari theluji ilipoanguka kwelikweli, Dargue aligonga mlango mchana. Alisimama kizingitini, theluji mpaka magotini, mbwa wake pembeni.

"Yule wa jicho amerudi kule," aliniambia. "Mara ya tatu hii. Nikimtoa anarudi. Yuko peke yake mlima mzima, anachimba theluji palepale kwenye mboji yenu, na mimi ananikimbia. Wewe anakujua. Njoo."

Nilichukua koti na fimbo. Baba alikuwa ameketi karibu na moto, mgongo kwetu, kama kawaida yake. Nilipokuwa nafunga kamba za viatu nilimwona ameinua kichwa, anasikiliza upepo.

"Hilda," alisema.

Nikaziachia kamba.

"Msimkimbize," alisema Baba. "Ana mimba."